Pentagon na simu iliyokosa mtu upande wa pili

Septemba 11, 2001, saa 3:29 asubuhi kwa saa za Washington, maofisa wa zamu katika Kituo cha Taifa cha Amri ya Kijeshi cha Marekani walifungua mkutano wa simu. Minara miwili ya World Trade Center mjini New York ilikuwa inawaka moto. Wa kwanza uligongwa saa 2:46, wa pili saa 3:03. Kituo hicho, kinachojulikana kwa kifupi kama NMCC, kimo ndani ya jengo la Pentagon, na ndicho macho na masikio ya Rais na Waziri wa Ulinzi usiku na mchana. Kiti cha mkuu wa zamu kilikaliwa na Kapteni Charles Leidig wa Jeshi la Majini. Alikuwa amemshikia Brigedia Jenerali Montague Winfield tangu saa 2:30, kwa kuwa jenerali alikuwa na kikao kilichopangwa mapema.

Mkutano ulipoanza, FAA, mamlaka ya usafiri wa anga wa kiraia, iliombwa ieleze hali ilivyo. Kimya. FAA haikuwamo kwenye simu. Hakuna aliyekuwa ameiunganisha.

FAA ndiyo iliyokuwa na rada zinazofuata ndege za abiria nchi nzima, na waongozaji wake ndio waliosikia sauti ya mtekaji redioni. Jeshi lilikuwa na ndege za kivita na amri ya kuzirusha. Kila upande ulishika nusu ya jambo, na njia ya kuziunganisha nusu hizo haikuwapo. Wahudumu wa simu wa NMCC walihangaika: vifaa viligoma, namba za simu za siri hazikupatikana. NORAD, kamandi ya ulinzi wa anga, iliuliza mara tatu kabla ya saa 4:03 kama FAA imeshaingia. Saa 3:37 ndege ya tatu ikalipiga jengo lenyewe la Pentagon, na baadaye moshi ukapenya hadi ndani ya kituo. Wenye zamu hawakuondoka. Saa 4:03 ndege ya nne, United 93, ikaanguka Pennsylvania baada ya abiria wake kupambana na watekaji. Mwakilishi wa FAA aliingia kwenye simu saa 4:17. Tume iliyochunguza mashambulizi hayo iligundua kwamba mtu huyo hakuwa na uzoefu wala wajibu wowote kuhusu utekaji nyara, hakuwa na njia ya kuwafikia wakubwa wake, na hakuwa na taarifa ambazo wakubwa hao walikuwa nazo tayari.

Siku hizi serikali nyingi, zikiwamo za kwetu, zinajenga vituo vya amri, na kila kimoja kinapozinduliwa tunaonyeshwa ukuta uliojaa skrini. Nashikilia kwamba tunaonyeshwa kitu kisicho na uzito. Kituo cha amri ni watu na simu zao. Kinachoamua kama kitafaa siku ya hatari ni nani yuko upande wa pili wa simu, anajua nini, ana mamlaka gani, na kama ndani ya chumba yupo mtu anayeruhusiwa kusema "subirini, tuhakikishe kwanza".

Asubuhi ile ya Septemba kulikuwa na mikutano mitatu kwa wakati mmoja: wa FAA, wa White House na wa NMCC. Yote ilikuwa na watu makini, na hakuna hata mmoja uliowakusanya wote waliotakiwa. Ofisa wa NMCC aliyewekwa kwenye simu ya FAA aliieleza Tume kwamba simu hiyo ilisikilizwa kwa vipindi tu, kwa kuwa taarifa zake zilikuja kwa kudonoadonoa na hazikuwa na faida kubwa. Pengo hilo ndilo lililoupa uvumi nafasi. Zikasambaa habari kwamba American 11, ndege iliyokuwa imeshagonga mnara wa kwanza yapata dakika 45 nyuma, bado iko angani na inaelekea Washington. Ndani ya mkutano wa NMCC jambo hilo lilitangazwa kuwa limethibitishwa. Ndege za kivita zilizopaa kutoka Langley, Virginia, zikaelekea mashariki, baharini, mbali na mji ulioshambuliwa dakika chache baadaye.

Amri nayo ilipotea njiani. Makamu wa Rais Dick Cheney, akiwa kwenye handaki chini ya White House, alitoa ruhusa ya kutungua ndege kati ya saa 4:10 na saa 4:15. Makamanda wa NORAD waliipitisha kwa ujumbe wa kompyuta saa 4:31. Wasimamizi wa sekta ya kaskazini mashariki waliupata ujumbe huo lakini hawakuwapa marubani waliokuwa wakizunguka juu ya Washington na New York, kwa sababu hawakuwa na hakika marubani wautekeleze vipi. Wakati huohuo marubani wengine waliopaa kutoka kambi ya Andrews walikuwa wamepata ruhusa kupitia njia nyingine kabisa, ya walinzi wa Rais, na makamanda wa NORAD hawakujua hata kwamba ndege hizo ziko angani. Watu 184 walikufa Pentagon peke yake. Sisemi simu moja ingewaokoa wote. Muda ulikuwa mfupi mno, na watekaji walikuwa wamejipanga. Ninachosema ni kwamba taifa lenye bajeti kubwa kuliko yote duniani ya ulinzi lilifika kwenye saa yake mbaya kuliko zote bila kujua limpigie nani.

Ungetarajia kwamba baada ya hapo simu kati ya Pentagon na FAA ingelindwa kama mboni ya jicho. Mei 14, 2025, ofisa wa FAA aliiambia kamati ya Seneti kwamba simu ya moja kwa moja kati ya waongozaji wa uwanja wa ndege wa Reagan mjini Washington na Pentagon ilikuwa haifanyi kazi tangu Machi 2022. Miaka mitatu. FAA ilikuja kulijua hilo baada ya Mei 1, 2025, siku ambayo ndege mbili za abiria zililazimika kuacha kutua kwa sababu ya helikopta ya jeshi karibu na Pentagon. Miezi mitatu tu kabla, Januari 29, helikopta ya jeshi na ndege ya abiria ziligongana karibu na uwanja huohuo na watu 67 wakafa. Simu hiyo si ya NMCC. Ni ya shughuli za helikopta, na sidai kwamba ndiyo iliyosababisha ajali ya Januari. Lakini ni jengo lilelile, ni taasisi zilezile mbili, na tatizo ni lilelile la kudhani waya ukishavutwa basi kazi imekwisha.

NMCC yenyewe ilianzishwa mwaka 1962, enzi za Rais John Kennedy na Waziri wa Ulinzi Robert McNamara. Kabla ya hapo kila jeshi, la nchi kavu, la majini na la anga, lilikuwa na chumba chake cha vita na ramani zake, na Rais alipata picha tatu zisizofanana. Kituo kikawekwa chini ya Wakuu wa Majeshi kwa pamoja, kikiendeshwa na idara ya operesheni. Kila zamu inaongozwa na jenerali wa nyota moja au mwenzake wa jeshi la majini. Chini yake kuna maofisa wa operesheni, wa upelelezi na wa mawasiliano, na kikosi kidogo kinachoshughulika na ujumbe wa dharura tu.

Wengi wanadhani majenerali hukaa humo wakitoa amri. Amri hutoka kwa Rais, hupita kwa Waziri wa Ulinzi, na humfikia kamanda wa eneo husika, awe wa Pasifiki, Ulaya, Afrika au Mashariki ya Kati. Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi, pamoja na nyota zake nne, ni mshauri. Sheria ya mwaka 1986 iitwayo Goldwater-Nichols ilimweka nje ya mnyororo wa amri, ingawa maagizo hupitishwa kupitia ofisi yake. NMCC haiongozi vita. Inakusanya, inahakiki, inaunganisha, inapeleka. Meli ikigongana huko Japan, ubalozi ukivamiwa, Korea Kaskazini ikirusha kombora, ofisa wa zamu anaamua amwamshe nani na kwa maneno gani. Naona kazi hiyo inadharauliwa. Ofisa anayemwamsha waziri kwa kila jambo dogo atazoeleka, na siku ya jambo kubwa hatasikilizwa. Anayesita kumwamsha ataiacha nchi ilale.

Kituo kikipigwa, kuna mbadala. Kilima cha Raven Rock huko Pennsylvania kilichimbwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kina kituo cha pili ndani ya mwamba. Zipo pia ndege nne aina ya E-4B, ofisi za amri zinazopaa, na tangu Februari 3, 1961 hadi Julai 24, 1990 Marekani ilikuwa na ndege ya amri angani kila dakika, zamu moja haishuki kabla nyingine haijapaa. Miaka 29 mfululizo. Hofu ya nyuklia ilikuwa na gharama hizo.

Na hofu hiyo ndiyo inayoonyesha vizuri kuliko kitu kingine chochote kwamba kazi kuu ya kituo cha amri ni kutilia shaka. Kombora la masafa marefu kutoka Urusi huchukua takriban dakika 30 kufika Marekani. La nyambizi iliyo karibu na pwani huchukua nusu ya muda huo au pungufu. Ndani ya dakika hizo mtu lazima aone, ahakiki, amtafute Rais, amweleze, na asubiri uamuzi. Kwa hiyo utaratibu umepangwa kwa ngazi. Ishara ikionekana, unaitishwa mkutano wa kwanza wa kuitathmini. Ikikosa maelezo, unaitishwa wa pili, wa kupima tishio, wenye wakubwa zaidi, na ndege na wanajeshi huanza kujiandaa. Wa tatu ndio unaomwingiza Rais. Kila ngazi ina swali moja: vyombo vingine vinaona nini? Setilaiti huona joto la injini ya kombora linapopaa. Rada huona kombora lenyewe likiwa njiani. Zikipingana, kuna kasoro mahali.

Novemba 9, 1979, skrini za NORAD, za kamandi ya makombora na ndege za nyuklia, na za NMCC zilionyesha shambulio kubwa la Kisovieti likiwa njiani. Ndege za kivita zilipaa. Ndege ya amri ya Rais ilipaa pia, bila Rais ndani. Yapata dakika sita baadaye ikabainika kwamba setilaiti na rada hazikuwa zimeona kitu. Data za zoezi la mafunzo zilikuwa zimeingia kwenye mfumo halisi na kuonekana kama vita. Juni 3, 1980, usiku wa manane, skrini zikaonyesha makombora mawili, kisha 200, namba zikipanda na kushuka bila mpangilio. Wahudumu wa ndege za kudondosha mabomu aina ya B-52 waliamriwa kuwasha injini. Chanzo kilikuwa chipu moja ya kompyuta yenye thamani ya senti 46 iliyokuwa ikiandika 2 mahali pa sifuri. Siku tatu baadaye ikarudia.

Oktoba mwaka huo maseneta Barry Goldwater na Gary Hart walitoa ripoti yao. Katika miezi 18, mikutano ya ngazi ya chini ilikuwa imeitishwa mara 3,703, na 147 kati ya ishara hizo zilikuwa nzito kiasi cha kuhitaji kupimwa kama huenda ni shambulio. Ukigawanya mikutano hiyo kwa siku, ni zaidi ya sita kila siku. Kila mara, watu waliokuwa wamekunywa kahawa ya usiku walitakiwa wasizoee. Hapa sina budi kuwapa wanajeshi hao haki yao: mitambo ilidanganya, watu wakauliza maswali, dunia ikabaki. Upande wa pili ilikuwa vivyo hivyo. Septemba 26, 1983, Luteni Kanali Stanislav Petrov, akiwa zamu katika kituo cha Serpukhov-15 nje ya Moscow, aliona mfumo ukitangaza makombora matano ya Marekani. Alijiuliza ni nani anayeanzisha vita vya nyuklia kwa makombora matano, akaripoti kwamba ni hitilafu. Ilikuwa miale ya jua iliyoakisiwa na mawingu.

Shaka hiyo ina mpaka, na mpaka huo unanitia wasiwasi kuliko chipu mbovu. Ikiwa Rais wa Marekani ataamua kutumia silaha za nyuklia, mkoba unaobebwa na ofisa anayemfuata kila aendako hufunguliwa, naye huunganishwa na makamanda wake kupitia NMCC. Ofisa wa kituo humtajia herufi, na Rais hujibu kwa msimbo ulio kwenye kadi yake. Jibu likilingana, kituo huandaa ujumbe mfupi wa siri unaokwenda kwa wahudumu wa makombora ardhini na kwenye nyambizi. Kadi inathibitisha kwamba anayezungumza ni Rais. Haithibitishi kwamba uamuzi ni wa busara, wala kwamba aliyeamua yuko timamu usiku huo. Waziri wa Ulinzi hana kura ya turufu, wala Bunge haliulizwi. Kengele ya mashine lazima ipite ngazi tatu za maswali kabla ya kuaminiwa. Neno la mtu mmoja halipiti hata moja. Wanaotetea utaratibu huu husema muda ni mfupi. Hoja hiyo ina nguvu pale makombora ya adui yanapokuwa njiani. Haina nguvu yoyote pale Rais anapotaka kuwa wa kwanza kupiga, kwa sababu hapo hakuna saa inayokimbia.

Nirudi kwenye simu. Wakati wa mgogoro wa makombora ya Cuba, Oktoba 1962, barua ndefu ya kiongozi wa Kisovieti, Nikita Khrushchev, ilichukua karibu saa 12 kupokewa na kufasiriwa Washington. Balozi wa Kisovieti, Anatoly Dobrynin, alisimulia baadaye kwamba telegramu zake za siri kwenda Moscow zilichukuliwa ubalozini na kijana wa Western Union aliyekuja kwa baiskeli. Dunia ilikuwa ukingoni mwa maangamizi, na ujumbe ulikuwa unapigwa pedali mitaani. Mwaka uliofuata, Juni 20, 1963, nchi hizo mbili zikakubaliana mjini Geneva kuwa na mawasiliano ya moja kwa moja, na Agosti 30 yakaanza kazi. Watu huyaita "simu nyekundu", lakini hayajawahi kuwa simu ya kuongea. Zilikuwa mashine za kuchapa maandishi, na upande wa Marekani ziliwekwa NMCC. Waya ulipita London, Copenhagen, Stockholm na Helsinki hadi Moscow. Kila upande uliandika kwa lugha yake, na wakalimani wa upande wa pili wakafasiri. Maandishi yalichaguliwa kwa makusudi: mtu akiandika ana muda wa kufikiri, na anayesoma anaweza kusoma tena. Kila saa mashine zilijaribiwa. Wamarekani walituma saa shufwa, Warusi saa witiri, na kwa miaka walipelekeana vipande vya fasihi na vya vitabu vya maarifa ili tu kuhakikisha waya ni mzima.

Hata hivyo, mashine hizo zilipotumika kwa mara ya kwanza kwa jambo zito, Juni 5, 1967, vita vya Waarabu na Israeli vilipoanza, McNamara alipigiwa na ofisa wa zamu kwamba Waziri Mkuu wa Kisovieti, Alexei Kosygin, anamtaka Rais Lyndon Johnson. Kwa simulizi yake mwenyewe, alishangaa kwa nini anapigiwa yeye. Akajibiwa kwamba mawasiliano hayo yanaishia Pentagon. Ilibidi yaunganishwe hadi White House, ng'ambo ya mto.

Juma hilohilo kulikuwa na meli ya kijasusi ya Marekani, USS Liberty, karibu na pwani ya Sinai. Washington iliona iko karibu mno na vita, na Wakuu wa Majeshi wakatuma ujumbe kadhaa kuiagiza isogee mbali, mwishowe maili 100 za bahari. Hakuna agizo hata moja lililoifikia kwa wakati. Mengine yalichelewa kwenye foleni za mitambo, jingine likapotoshwa hadi Ufilipino. Juni 8, ndege na boti za Israeli ziliishambulia Liberty. Mabaharia na wahudumu 34 walikufa na 171 wakajeruhiwa. Alasiri hiyo ndege za Marekani ziliporushwa kwenda kwenye meli hiyo, Johnson aliwajulisha Wasovieti kupitia mashine za NMCC ili wasidhani wanashambuliwa, na ujumbe ukafika Moscow. Nikiyatazama mambo hayo mawili pamoja, naona jibu la swali la kwa nini kimoja kilifanikiwa na kingine kikashindwa. Mawasiliano ya Moscow yalikuwa na mtu aliyeajiriwa kuhakikisha kila saa kwamba yanafika. Agizo la Liberty lilikuwa karatasi moja kati ya maelfu, na aliyelituma alihesabu kwamba kutuma ni sawa na kufika.

Warusi nao wana fahari yao. Desemba 2014 walifungua Kituo cha Taifa cha Kusimamia Ulinzi kando ya Mto Moskva, chenye ukumbi mpana na skrini kubwa mno, na Novemba 17, 2015 Vladimir Putin alionekana humo kwenye runinga akielezwa mashambulizi ya Syria. Mwaka 2022 wakaivamia Ukraine kutoka pande kadhaa, vikosi vikienda kama havina bosi mmoja. Wizara yao ilimtangaza rasmi jenerali mmoja wa kusimamia operesheni nzima, Sergei Surovikin, Oktoba 8, 2022, miezi zaidi ya saba tangu vita kuanza. Na Juni 24, 2023, Yevgeny Prigozhin na mamluki wake wa Wagner waliingia makao makuu ya Kanda ya Kijeshi ya Kusini huko Rostov, mahali vita hivyo vilipokuwa vikiendeshwa, wakakaa uani wakiongea na majenerali mbele ya kamera. Ukumbi wa Moscow ulikuwa na kila kitu isipokuwa mnyororo wa amri unaoheshimiwa na wote wenye bunduki.

Kwetu Afrika Mashariki mfano mchungu zaidi uko Kenya, na unahusu jeshi na polisi kwa pamoja. Septemba 21, 2013, magaidi wanne walivamia jengo la Westgate, Nairobi. Makomando wa polisi wa kikosi cha Recce waliingia na kuanza kuwabana. Kisha jeshi, KDF, nalo likaingia, bila mawasiliano ya pamoja na bila kamanda mmoja. Wanajeshi wakawafyatulia risasi polisi, ofisa mmoja wa Recce akafa, na polisi wakajiondoa kwa hasira. Magaidi wakapata nafasi ya kupumua. Mkasa uliendelea kwa siku nne na watu 67 waliuawa.

Aprili 2, 2015, alfajiri, ikawa zamu ya Chuo Kikuu cha Garissa. Recce walikuwa Nairobi. Walifika Garissa mchana, na magazeti ya Kenya yaliripoti kwamba waandishi waliosafiri kwa gari waliwatangulia, kwa kuwa makomando walikuwa wanasubiri ndege. Walipoingia hawakuchukua muda mrefu. Lakini watu 148 walikuwa wamekufa, wengi wao wanafunzi, na familia zao zina haki ya kuuliza hadi leo ni nani aliyeipokea simu ya kwanza asubuhi ile, na kama mtu aliyepigiwa naye alikuwa na mamlaka ya kurusha ndege.

Januari 15, 2019, magaidi waliposhambulia hoteli ya DusitD2, mambo yalikwenda tofauti. Watu 21 waliuawa, na huo ni msiba mkubwa, lakini zaidi ya 700 walitolewa salama na operesheni ikaisha ndani ya saa 20 hivi. Polisi ndio walioongoza na vyombo vingine vikafanya kazi chini ya uongozi mmoja. Katikati ya Westgate na Dusit, Kenya iliingia mkataba na Safaricom wa mfumo wa mawasiliano ya polisi wenye kamera 1,800 Nairobi na Mombasa. Sidai kamera hazikusaidia. Nadai kwamba kamera zingekuwa zilezile na uongozi ukabaki wa Westgate, tungekuwa na picha nzuri zaidi za fujo ileile.

Ndiyo maana ningependa kamati zetu za Bunge za ulinzi, Nairobi, Dodoma na Kampala, zinapoletewa maombi ya fedha za kituo cha amri, ziache kwanza kuuliza bei ya skrini. Ziulize orodha ya simu: mamlaka ya usafiri wa anga, bandari, zimamoto, hospitali ya taifa, kampuni za umeme na za simu, na majeshi ya nchi jirani. Kila namba ina jina la nani mbele yake, na akiwa likizo inapokewa na nani? Mara ya mwisho ilijaribiwa lini, na nani aliyejaribu? Afisa wa zamu mwenye cheo cha chini ana ruhusa ya maandishi kufanya nini kabla mkubwa wake hajapatikana? Jeshi na polisi wakikutana mlangoni pa jengo moja, nani anamwamuru nani? Halafu zoezi lifanyike saa 9 usiku, katikati ya sikukuu, bila wakubwa kuambiwa, na muda uliotumika kumpata kila mhusika uandikwe dakika kwa dakika na kusomwa mbele ya kamati, hata kama ni kwa faragha, kabla shilingi ya awamu inayofuata haijatoka.